Ndimi Nne za Mninga

Mchungaji Eustace alijigonga kichwa Jumapili yake ya kwanza pale kwetu Mwitobo. Jumapili ya pili akajigonga tena. Ya tatu alikuwa amebeba Biblia kwa mikono miwili, hakuwa na mkono wa kujikinga, na kishindo chake kilifika mpaka mbele kwa waimbaji, wakapoteza ubeti. Jumatatu asubuhi akatuma mtu kuniita.

Nilimkuta nje ya kanisa, anaupima mlango kwa macho. Ni kijana mrefu, msomi, mzaliwa wa Tabora mjini, na nampenda, maana hapandishi sauti anapotaka jambo.

"Shikamoo, mzee Silasi."

"Marahaba, Mchungaji. Pole na kichwa."

"Ndicho nilichokuitia." Akaweka kiganja kwenye kizingiti cha juu ya mlango. "Nataka tuupandishe. Shubiri moja tu. Wageni wanakuja kwa sikukuu ya mavuno, wengine kutoka Sikonge, wengine Tabora, na sipendi waingie hapa kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Jumamosi nitawaeleza wazee, sidhani watakataa. Na wewe ndiye fundi uliyelijenga. Nani mwingine wa kukikata?"

Shubiri moja. Angesema vidole vitatu, au mbili kasoro, labda nisingeshtuka. Lakini alitaja kipimo chenyewe, kilekile.

"Nitautazama msumeno wangu," nikamwambia. Fundi yeyote atakwambia jibu hilo maana yake ni hapana, ila Mchungaji hajawahi kuwa fundi, akanishukuru.

Nyumbani mke wangu Flavia akaniuliza kama nina homa. Nikasema sina. Hata yeye sikuwahi kumwambia kwa nini mlango wa kanisa letu ni mfupi. Watu wote wa Mwitobo wanaijua sababu, au ndivyo nilivyodhani: kwao Bwana Alivori, huko kaskazini ya Ulaya, ni desturi mtu kuingia nyumba ya Mungu ameinama. Wageni huelezwa hivyo. Watoto hufundishwa hivyo. Bwana mmoja wa serikali alipita na pikipiki yake akaliandika jambo hilo kwenye daftari. Ni uongo, na uongo wenyewe ulitungwa kwa ajili yangu.

Jina lake hasa lilikuwa Halvor, seremala wa Norwe. Ndimi zetu zikamfanya Alivori, naye akaitika. Misheni ilimleta mwaka wa thelathini na nne atujengee kanisa, na mimi nikawa fundi wa kwanza chini yake, mwanamume wa miaka thelathini niliyejiona sana. Sikuwa mpenzi wa Wazungu, niseme kweli. Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani mara nne, na mara zote nne alirudi kwa miguu yake. Wazungu walipopigana vita vyao wakambebesha risasi, na safari hiyo hakurudi. Kwa hiyo nilikwenda kwa Alivori kwa kuvitamani vyombo vyake, patasi zile na randa zile. Yeye mwenyewe sikuwa na haja naye.

Lakini ni vigumu kumchukia mtu anayekuchekesha. Alitusalimu "mwangaluka", ambayo ni salamu ya asubuhi, hata jua likiwa linazama, mpaka tukachoka kumsahihisha. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kula, kuandika, kugonga nyundo, na kina mama wakamsamehe kwa kuwa ni mgeni. Na mfukoni alikuwa na picha ya kanisa la bondeni kwao. Lilikuwa la mbao tupu, jeusi kwa lami waliyoipaka, paa juu ya paa, kama mtu aliyevaa kofia tano kwa pamoja, na kwenye ncha za mapaa kulikuwa na vichwa vya nyoka walioachama. Mzee Limbu, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliishika picha ile muda mrefu.

"Na hawa nyoka," akauliza, "nao walibatizwa?"

Alivori alicheka mpaka akakaa chini. Nyoka wakaachwa hukohuko Norwe.

Alisema kanisa lile lilikuwa na miaka mia saba. Tukanyamaza kwa adabu, maana mgeni haambiwi anadanganya. Mia saba, nyumba ya miti! Kwetu nyumba ya miti ikifika miaka kumi ujue umeipigania. Mchwa wa Mwitobo humaliza mpini wa jembe ulilolisahau shambani juzi.

Tukaanza kazi. Kibali cha msitu kilikuwa cha mininga kumi na miwili ya nguzo, si zaidi. Tuliikata mbali, upande wa warina asali, na watu wakaileta kwa mzegazega, gogo limening'inia kwenye mti na mabega mbele na nyuma, wakiimba zile nyimbo walizoachiwa na baba zao wa njia ya msafara. Kisha ikawa kuchonga. Miezi miwili mimi na Alivori tulichonga nguzo kumi na mbili, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ule useremala niliojivunia ulikuwa bado unatambaa. Kanisa zima halikutakiwa kuwa na msumari hata mmoja. Juu ya kila nguzo tulitoboa matundu ya kupokea mbao za ukuta na vizingiti. Chini ya kila nguzo tulichonga ulimi, shubiri moja kamili, wa kuingia katika tundu la gogo nene lililolazwa chini. Upande mmoja wa ulimi nachonga mimi, upande wa pili yeye, tunakutana katikati. Ulimi ukiingia tunduni ulitoa sauti ndogo, tp, kama mtu anayefumba mdomo baada ya kumaliza neno. Niliipenda sauti ile, na bado naipenda.

Mawe ndiyo yaliyoniponza. Yale magogo ya chini Alivori hakuyalaza ardhini, aliyapandisha juu ya mawe makubwa, ukiinama unaona upande wa pili. Sasa, kwetu kuna kitu kimoja tu kinachosimama juu ya mawe, nacho ni kihenge. Hata mtoto anajua. Nyumba ya mtu hushika ardhi, nguzo zake zimechimbiwa. Kihenge ndicho huinuliwa juu ya mawe, panya na unyevu visifikie mtama. Siku mawe yalipopangwa, kijiji kikaanza kutuchezea.

"Silasi, kanisa lenu litaingia magunia mangapi?"

"Silasi, tuje kusali tukiwa tumepurwa au na masuke yetu?"

Watoto wakatunga wimbo. Mzee Limbu mwenyewe, mkubwa wa wazee, alisimama mbele ya mawe yale akatikisa kichwa akasema yeye ameishi miaka hamsini na hajawahi kuwekwa kihengeni, na haanzi leo. Nilimpelekea Alivori maneno hayo. Akasema tu, "Watazoea." Yeye aliweza kusema hivyo. Hakuwa anakwenda kisimani na kusikia jina lake likiimbwa.

Kisha homa ikamkamata, homa mbaya ya kukojoa weusi, wakamtia kwenye lori kumpeleka hospitali Tabora. Akiwa amelazwa juu ya magunia, macho ya njano, alinishika mkono. "Silasi," akasema, "ngoja mimi."

Sikungoja. Wiki mbili zilipita, ikasemwa huenda hatapona, na mimi nikajiambia kwamba kazi ni yangu sasa. Nilitaka kumwonyesha Mzee Limbu kanisa lililoshika ardhi kama nyumba ya watu. Nikachukua nguzo nne za kwanza, nikachimba mashimo manne, na kwa kuwa nguzo ya kuchimbiwa haina kazi na ulimi, nikachukua msumeno wa Alivori nikazikata ndimi zote nne. Nilizikata vizuri, kwa mstari ulionyooka. Zikaanguka kwenye takataka za randa, na kina mama walioruhusiwa kuokota kuni pale wakazizoa. Nguzo nikazisimamisha, nikashindilia udongo kwa miguu. Vijana wa kazi walidhani ni amri iliyotoka Tabora, na mimi sikuwaambia vingine.

Alivori alirudi baada ya wiki tano, amebaki mifupa na kofia. Alishuka kwenye lori akaja moja kwa moja, bila hata kunywa maji. Akaziona zile nguzo. Akapiga magoti akafukua udongo kwa mkono wake wa kushoto, kidogo tu, mpaka akafika mahali palipokatwa. Akakaa palepale chini.

Nilijua ninachongoja. Nilikwisha kuwaona Wazungu wakikasirika, na nilikwisha kumwona mtu wetu akifukuzwa kazi kwa kikombe kilichovunjika. Nilikuwa nimeharibu minne kati ya miti kumi na miwili, kibali hakikuwa na mti wa kumi na tatu, na mvua ilikuwa imebakiza mwezi. Habari zikifika Sikonge, hakuna mtu angenipa tena hata kigoda nikitengeneze. Nikafungua kinywa nijitetee, ulimi wangu ukagoma. Nilikata zile nne, nadhani wa tano nao ulikatika.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. Kihenge, wimbo, kisima, Mzee Limbu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa ile picha, akaiweka juu ya goti lake.

"Mababu zangu," akasema polepole, akitafuta kila neno, "zamani walichimbia nguzo. Kama wewe. Makanisa mengi, mengi. Leo yako wapi? Hakuna hata moja. Yalioza kutoka chini. Tunaona mashimo tu katika udongo. Baadaye wakaja wengine, wakaweka mawe. Haya ya mawe ndiyo yapo." Akanitazama na macho yale bado ya njano. "Silasi, kosa lako lina miaka mia tisa. Ni kosa la ukoo wangu. Sasa wewe ni ndugu."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamtia kikohozi, na mimi, mtu mzima mwenye mke, nikalia pale mbele ya shimo nililolichimba mwenyewe.

Kesho yake tulizing'oa zile nguzo nne. Tukachonga ndimi mpya kutoka kwenye mwili wa nguzo, kwa hiyo kila moja ikapungua shubiri moja. Zilibaki nguzo nane ndefu na nne fupi. Nilidhani ataniambia tutafute vipande vya kuunga, kila apitaye aone viraka vyangu. Badala yake aliuchukua msumeno, akaenda kwenye nguzo nane nzima, zile alizozichonga kwa miezi miwili, akakata ndimi zake zote kwa mkono wake mwenyewe, ili nazo zichongwe ndimi mpya. Nilimsihi aache. Akasema paa haliwezi kukaa juu ya nguzo zisizolingana. Kazi hiyo ya kupunguza angeweza kunituma mimi, lakini hakunituma.

Matundu ya juu yalikwisha kutobolewa, hayakuweza kuhamishwa, kwa hiyo kanisa zima likashuka shubiri moja, madirisha, ukuta, mlango. Tulilipaka nta na mafuta ya nyonyo badala ya lami yao, tukaliezeka kwa vigae vya mbao. Siku ya kufungua wazee walikuja, na Mzee Limbu, ambaye si mfupi, akasimama mbele ya mlango.

"Bwana Fundi," akasema, "mlango huu umepimwa kwa nani?"

Nilitazama chini. Nikamsikia Alivori akijibu, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, "Kwetu, Mzee, watu naingia kanisa na kuinama. Ni desturi ya zamani sana."

Mzee Limbu alimtazama, akamgeukia mkewe, Ng'washi, kisha akanitazama mimi. Akainama akaingia. Wengine wote wakamfuata. Neno kihenge halikusikika tena.

Alivori aliondoka mwaka vita vyao vya pili vilipoanza, na barua ya kifo chake ilisomwa kanisani miaka mitano iliyopita. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Alipokuwa hapa niliona aibu, na alipokuwa mbali sikujua niandike nini bila karani kuisoma siri yangu. Na sasa Mchungaji alitaka nichukue msumeno nikate shubiri ileile kwa mara ya pili. Ningekikata kizingiti, ningekuwa nimemkata yeye. Ningekataa bila sababu, wangemwita fundi mwingine. Ilibaki kusema, na kusema kulimaanisha kwamba Mzee Silasi, fundi wa misheni, anayetajwa mpaka Igalula, aonekane alivyokuwa: mtu aliyeharibu kanisa kwa kuogopa wimbo wa watoto, kisha akamwachia mgeni adanganye kwa niaba yake.

Kikao kilikuwa Jumamosi alasiri, ndani ya kanisa lenyewe, wazee mbele na waumini wengine, wanaume kwa wanawake, nyuma yao. Mchungaji akaeleza shauri lake la mlango, wazee wakanitazama, na nikaona ni sasa. Nikasimama nikayasema yote bila kupamba. Nilitaja ndimi nne, nikataja msumeno ulikuwa wa nani. Nilipofika pale Alivori alipozikata zile nane, nikamalizia kwa mkono, nikionyesha msumeno unavyokwenda.

Hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong'ono, lakini walinitazama kama watu wanaongoja mtu amalize jambo wanalolijua.

"Kaa chini, Silasi," akasema Mzee Limbu. Sasa ana miaka sabini na ushee, haoni vizuri, ila sauti ni ileile. "Tunajua."

"Mnajua nini, baba?"

"Ndimi zako zilifika jikoni kwangu wakati Mzungu amelala kitandani Tabora. Ng'washi akaniuliza, mbona fundi anakata kitu alichokichonga miezi miwili? Tukaja tukatazama mashimo yako. Tulikusudia kukuita. Kisha yule mtu akarudi, akashusha nyumba yake yote kwa ajili yako, akasimama pale mlangoni akatuambia desturi." Akacheka kidogo. "Mtu ambaye hata salamu ya jioni haijui amehangaika mpaka ametunga uongo kwa Kiswahili, ili mtoto wetu asiaibike. Nikamwambia mke wangu, huyu hawezi kutushinda kwa wema nyumbani kwetu. Basi tukainama. Na tulikuwa na deni la ule wimbo pia. Sisi ndio tuliokuchokoza."

"Miaka ishirini na mitatu, baba? Watu wote?"

"Wengi. Migongo imezoea."

Nilimtazama Flavia, aliyekaa upande wa wanawake. Akatazama dari. Hata yeye! Nimekula ugali wa mwanamke huyu miaka yote hiyo nikidhani nina siri.

Mchungaji Eustace alijishika paji la uso, pale penye uvimbe. "Basi kizingiti kisiguswe," akasema. "Nami nitajifunza. Nimechelewa tu kuliko wenzangu."

Ng'washi alikuwa ametoka bila mtu kumwona. Akarudi akihema, kitu kimefungwa kwenye upande wa kanga, akaja akakiweka mikononi mwangu. Kilikuwa kipande cha mninga, shubiri moja, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa.

"Tatu zilipika maharage, nisikufiche," akasema. "Huu niliuonea huruma, ulichongwa vizuri mno. Nimekuwa nikizuilia mlango wa kihenge."

Niliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja alama za patasi zililalia kulia, hizo zangu. Nikaugeuza upande wa pili, na pale, chini ya masizi na mafuta ya mikono ya Ng'washi, alama zililalia kushoto. Zilikutana katikati, sawasawa, kama tulivyoziacha. Nikasema kwa sauti, mbele ya kanisa zima, "Asante, Bwana Alivori." Kisha nikawashukuru wao, mmoja mmoja kwa majina, na nilichukua muda, na hakuna aliyenikatiza.

Tulipotoka jua lilikuwa linashuka nyuma ya miombo. Mzee Limbu alitangulia, amemshika mkewe bega. Umri umempunguza, mlango ule sasa unampita juu ya kichwa na nafasi inabaki, lakini aliinama. Nje akanigeukia, akaniamkia kwa sauti kubwa, watu wote wasikie.

"Mwangaluka, Silasi."

"Mwangaluka, baba," nikajibu.